Mwenendo wa Kesi Haumjui Mkubwa

Tarehe 9 Desemba 2017 sherehe za Uhuru zilifanyika Dodoma, katika Uwanja wa Jamhuri. Rais John Magufuli alipofika kwenye msamaha wa wafungwa, ambao huambatana na siku hiyo, alitaja hesabu: wafungwa 8,157 wamenufaika, na 1,828 kati yao watoke siku hiyohiyo. Aliwasamehe pia watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Kisha akataja familia ya Nguza Viking, mwanamuziki ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Babu Seya, pamoja na mwanawe Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Hao walikuwa watu ambao sheria ilikwisha kumalizana nao. Juni 2004 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu baba na wanawe watatu kifungo cha maisha kwa kubaka na kulawiti watoto wa shule ya msingi. Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao mwaka 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili, ikambakiza baba na Papii. Wakaomba Mahakama hiyo iipitie upya hukumu yake, na mwaka 2013 ombi hilo nalo likagonga mwamba. Mawakili walikuwa wamepanda ngazi zote zilizomo ndani ya nchi. Kilichowatoa gerezani ni sentensi chache zilizosemwa kwenye kipaza sauti.

Msamaha si rufaa. Haukusema kwamba mahakama zilikosea, wala haukusema lolote kuhusu watoto wale. Miezi mitatu baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikatoa hukumu yake katika shauri ambalo wawili hao walikuwa wamelifungua. Ilikuta kwamba haki yao ya kusikilizwa ilivunjwa, kwa kuwa hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi na mashahidi muhimu waliowataka hawakuitwa. Haikuamua kama walitenda au hawakutenda. Ilipima namna kesi ilivyoendeshwa tangu mwanzo. Hukumu hiyo haikushangiliwa uwanjani, na waliosikia habari zake ni wachache. Lakini yeyote anayetaka kujua rufaa ya jinai inashindwaje na inashinda vipi, ndani ya hukumu hiyo ya Arusha mna mafunzo mengi kuliko ndani ya hotuba ya Dodoma.

Shangwe za siku ile zilithibitisha jambo ambalo watu wengi wa nyanda za kati, kutoka Kongwa hadi Manyoni, walikuwa wakiliamini tangu zamani: kesi huamuliwa na mkubwa. Ndugu akifungwa, ukoo hauulizani kwanza ni wakili gani anafaa. Unaulizana nani anamjua nani. Ng'ombe wanapelekwa mnadani, fedha zinapatikana, na fedha hizo zinaanza kutembea: kwa diwani, kwa kiongozi wa chama wilayani, kwa mtu aliyesoma darasa moja na mkuu wa wilaya, kwa mpambe wa mbunge anayedai kwamba anao mlango wa kupitia. Wiki zinakwenda. Wakili anatafutwa mwisho, fedha zikiwa zimebaki za nauli.

Fedha hizo zimepelekwa pasipostahili. Hii haimaanishi kwamba wakubwa hawana nguvu. Wanazo, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya wasomaji wanaoziona kila siku. Ila nguvu hizo hazikai katika rufaa. Zinakaa kabla yake, mahali ambapo watu wachache huzitazama, na zinakaa baada yake, pale msamaha unapotolewa. Katikati pana chumba kimoja ambamo neno la mkubwa hupungua uzito sana, na familia nyingi hukifikia chumba hicho zikiwa zimekwisha kumaliza kila kitu nje ya mlango.

Tuanze na huko kabla. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Sheria imeweka masharti: lazima pawe na sababu za kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa au atavunja amani, sababu ziandikwe, na asipopelekwa mahakamani ndani ya muda huo aachiwe. Kwenye mikutano ya hadhara masharti hayo yamesahaulika mara nyingi, na amri ya "mweke ndani" imetolewa kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza swali. Chini ya wakuu hao kuna mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mgambo. Ng'ombe wakiibiwa usiku Mpwapwa au Ikungi, hawa ndio hufika kabla ya polisi. Wao ndio wanaosema nani akamatwe na nani aandikishwe kuwa shahidi. Panga lililookotwa linabaki kwao, na mara nyingi anayepigwa akakiri huwa amekiri mbele yao.

Kisha kuna shtaka lenyewe. Novemba 2006 Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Tabora, alikamatwa kwa tuhuma za kumuua kwa risasi dereva wa daladala jijini Dar es Salaam. Alishtakiwa kwanza kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana, na mwaka 2008 akafariki dunia kabla ya kesi kufikia hukumu. Wananchi walilalamika sana wakati ule. Uamuzi ule uwe ulikuwa sahihi kisheria au haukuwa, ulifanyika ofisini, kwenye jalada, na hakuna mahakama ya rufaa iliyowahi kuupima. Kati ya shtaka moja na jingine kuna tofauti ya kulala nyumbani na kulala mahabusu, na tofauti hiyo huamuliwa kabla hakimu hajaandika mstari wa kwanza.

Nguvu za namna hiyo hazina chama kimoja, wala cheo hakimkingi mtu siku zote. Mwanzoni mwa Novemba 2016 Godbless Lema, mbunge wa Arusha Mjini, alikamatwa Dodoma wakati wa vikao vya Bunge akasafirishwa hadi Arusha kujibu mashtaka ya maneno ya uchochezi. Makosa yale yalikuwa na dhamana. Hakimu alipokuwa anakaribia kutaja masharti yake, upande wa mashtaka ukatoa kusudio la kukata rufaa, na karatasi hiyo ikatosha kumrudisha mbunge mahabusu hadi tarehe 3 Machi 2017. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani, rufaa ya Jamhuri, yaani ya upande wa mashtaka, haikuendelea. Miezi minne ilikuwa imekwisha kupita. Hapa rufaa yenyewe iligeuzwa kuwa kufuli, na aliyefungiwa alikuwa mtu mwenye kura za maelfu nyuma yake.

Sasa tuingie katika chumba chenyewe.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika. Husikiliza rufaa kwa majaji watatu kwa kawaida, na kwa miongo mingi majaji hao wamekuwa wakienda kwa vikao katika kanda, Dodoma ikiwa mojawapo. Wanaosikiliza rufaa ya mtu wa Bahi au Chemba hawajui mtendaji wake ni nani, wala diwani wake ana ugomvi na nani. Shahidi hasimami tena mbele yao. Mlalamikaji halii, na mshtakiwa hana nafasi ya kusimulia upya. Kilichopo mezani ni mwenendo wa kesi: hati ya mashtaka, kila jibu lililoandikwa na hakimu, kila kielelezo kilichopokelewa, tarehe za kila ahirisho, hukumu. Jambo ambalo halimo humo ni kama halikutokea. Wakili anayewaambia majaji kwamba mteja wake ni mtu mwema anayeheshimika kijijini amepoteza dakika zake.

Wanaoshinda hushinda kwa kusoma. Mtu anayekesha na kurasa mia mbili akitafuta mahali ambapo hakimu hakuandika alichopaswa kuandika ana nguvu kubwa kuliko simu yoyote itakayopigwa Dodoma. Chukua wizi wa usiku wa kutumia silaha, kosa ambalo limejaza magereza kwa vifungo vya miaka 30. Tangu hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na unahitaji uangalifu mkubwa. Shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Kulikuwa na mwanga wa nini? "Kulikuwa na mbalamwezi" haitoshi. "Kulikuwa na taa" haitoshi pia, mpaka shahidi aseme ni taa ya aina gani, ilikuwa imewekwa wapi na ilimulika vipi. Kijiji kizima kinaweza kuwa kinaamini fulani ndiye mwizi, na mkuu wa wilaya anaweza kuwa amelitamka jina lake mkutanoni. Ikiwa ndani ya mwenendo hamna maelezo ya taa, hukumu ile imesimama kwa mguu mmoja.

Au chukua vielelezo. Katika rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ya Paulo Maduka na wenzake, iliyosikilizwa Dodoma, Mahakama ya Rufani ilieleza kwa urefu umuhimu wa maandishi yanayoonyesha safari ya kielelezo: nani alikikamata, alimkabidhi nani, kilihifadhiwa wapi, kilifikaje mahakamani. Tangu hapo hukumu hiyo imenukuliwa na mawakili katika kila pembe ya nchi. Mantiki yake anaielewa hata mfugaji wa Manyoni: panga lililokaa siku nne nyumbani kwa mtendaji anayegombana na mshtakiwa linaweza kuwa panga jingine. Hivyo basi, wakili anaposimama kuuliza ziko wapi karatasi za makabidhiano, kwa kweli anauliza kuhusu ushawishi wa watu wa kijijini. Anaufuata mahali ulipojificha, na anaulazimisha ujieleze kwa maandishi.

Lugha ni mlango mwingine. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa kumsomea mtu shtaka: aelezwe kwa lugha anayoielewa, aelezwe kila kipengele cha kosa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya kesi na kuulizwa kama anayakubali. Nyanda za kati zina Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba, na zina Wasandawe na Wahadzabe ambao lugha zao hazina udugu wowote na Kiswahili. Mzee aliyeletwa kutoka porini akaulizwa jambo asilolielewa sawasawa anaweza kuitikia "ni kweli" kwa adabu tu, na hakimu mwenye haraka akaandika kwamba amekiri kosa. Sheria inambana sana aliyekiri: rufaa yake huruhusiwa juu ya adhabu pekee. Njia ya kumtoa ni kuonyesha kwamba maneno yale mawili hayakuwa kukiri. Ni kazi ya mtu aliyesoma, tena kwa utulivu.

Kuna jambo hutokea katika vikao hivi ambalo huwashangaza ndugu waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma. Wakili wa Serikali husimama na kusema kwamba Jamhuri haiungi mkono hukumu ya chini, inakubali rufaa. Ndugu hudhani kuna mtu "amezungumza". Aliyezungumza ni mwenendo. Wakili yule amesoma kurasa zilezile, ameona maelezo ya onyo ya mshtakiwa yamechukuliwa polisi nje ya muda wa saa nne uliowekwa na sheria, au kielelezo kimepokelewa bila kusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa, na heshima ya taaluma yake haimruhusu kutetea kisichoteteeka. Mtu aliyemlipa mpambe wa mheshimiwa fulani wiki iliyopita atakwenda nyumbani akiamini fedha yake imefanya kazi. Atawaambia na majirani. Ndivyo imani ile inavyoendelea kuishi.

Si kila ushindi wa kisheria ni ushindi kwa mrufani, na hapa ndipo ustadi unapojulikana. Wakili mvivu akiona kasoro ya utaratibu, kwa mfano hakimu aliyebadilishwa katikati bila sababu kuandikwa, huikimbilia hiyo peke yake. Majaji wanaweza kumkubalia, wakabatilisha mwenendo, wakaamuru kesi isikilizwe upya. Mteja anarudi wilayani, kwa mtendaji yuleyule, polisi walewale, mashahidi walewale ambao safari hii wanajua wapi walijikwaa. Amerudishwa mahali ambapo ushawishi una nguvu zake zote. Wakili makini anaipita kasoro hiyo na kuushambulia ushahidi wenyewe, akiwakumbusha majaji kanuni ya shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, kwamba kesi haianzishwi upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake.

Wapo wanaosema, kwa uchungu wa kweli, kwamba haya yote ni ujanja wa kuwatoa wahalifu. Uchungu huo una haki ya kusikilizwa, hasa ukitoka kwa mama aliyeibiwa au kwa mtoto aliyeumizwa. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Lakini masharti mengi yanayoitwa ya kiufundi ndiyo pekee yanayosimama kati ya mkulima wa Kondoa na mtu mwenye cheo aliyeamua kumfunga. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kwa mnyonge aliyeko gerezani haki hiyo huwa ni ukurasa.

Karatasi hiyohiyo humkata hata mwenye nguvu kuliko wote, yaani Serikali. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, Abdallah Zombe, alishtakiwa pamoja na wenzake, na Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu akawaachia huru wote. Taifa lilishtuka. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, na Mei 2013 rufaa hiyo ikatupwa nje kwa kasoro iliyokuwa katika hati ya kusudio la kukata rufaa. Dola yenye wapelelezi, magari na mawakili wa kulipwa kila mwezi ilikwama kwa hati moja fupi. Ilibidi ianze upya, na ni Septemba 2016 ndipo Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi: Zombe na wawili wengine walibaki huru, na mshtakiwa mmoja, Christopher Bageni, akahukumiwa kunyongwa.

Kesi za wanasiasa nazo zinafundisha. Machi 2020 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa chama cha upinzani cha Chadema, akiwamo mwenyekiti Freeman Mbowe, na kuwatoza faini zilizofika jumla ya shilingi milioni 350, ambazo wanachama walizichangisha haraka ili wasilale gerezani. Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo na kuamuru fedha zirudishwe. Wako watakaosema upepo wa siasa ulikuwa umegeuka, maana Rais mpya alikuwa ameapishwa Machi ya mwaka huohuo. Upepo ulikuwa umegeuka kweli. Hata hivyo, mwezi uliofuata Mbowe alikamatwa tena Mwanza, akashtakiwa kwa ugaidi, na hakutoka mahabusu mpaka Machi 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi. Siasa ndiyo iliyoonekana kwenye kukamata na kwenye kuachia. Rufaa ya faini ilishinda kwa hoja zilizokuwa zimeandikwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Lengai Ole Sabaya. Alipokuwa mkuu wa wilaya ya Hai alikuwa mtu wa kuogopwa, mwenye mamlaka yote ya saa 48 na zaidi. Mei 2021 alisimamishwa kazi, akakamatwa, na Oktoba mwaka huo mahakama ya Arusha ikamhukumu yeye na wenzake wawili kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kama ushawishi ndio unaoshinda rufaa, mtu huyu alikata rufaa akiwa katika saa yake dhaifu kuliko zote: ameanguka, waliomteua hawapo, waliobaki wanamkwepa. Mei 2022 Mahakama Kuu Arusha ikamwachia kwa sababu ya dosari katika mwenendo na katika ushahidi. Jamhuri ikapanda juu kupinga, na Novemba 2023 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Kwa waliosema wameumizwa enzi za utawala wake, huo ni ushindi mgumu kuumeza, na wana sababu. Lakini alishinda akiwa hana cheo, kwa njia ileile iliyo wazi kwa mchunga mbuzi wa Chemba, tofauti ikiwa ni kwamba yeye aliweza kulipa mawakili wa kuifuata.

Dodoma ina kesi yake kubwa, ambayo wanafunzi wa sheria huisoma hata Afrika Kusini.

Jaji James Mwalusanya alikwisha kujulikana kabla hajafika Mahakama Kuu ya Dodoma. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na yeye, akiwa kanda ya Mwanza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichukua kwa uzito. Katika shauri la Chumchua Marwa alizikataa sheria za kikoloni za kuwahamisha watu kwa amri ya Serikali. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, alisema mwanamke wa Kihaya ana haki juu ya ardhi ya urithi sawa na mwanamume. Kisha, Dodoma, akakutana na shauri la Mbushuu, la watu wawili waliopatikana na hatia ya mauaji. Sheria ilimtaka atamke adhabu moja tu. Badala ya kuitamka, alisikiliza hoja kama adhabu hiyo inalingana na Katiba, akachambua namna mtu anavyonyongwa na anavyosubiri kunyongwa, na tarehe 22 Juni 1994 akatangaza kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha utu, na ni batili. Akawapa kifungo cha maisha.

Jamhuri haikukubali. Tarehe 30 Januari 1995 majaji Makame, Ramadhani na Lubuva wa Mahakama ya Rufani walitoa uamuzi wao, na ni uamuzi unaostahili kusomwa polepole. Walikubaliana na Mwalusanya kwamba kunyonga ni ukatili na udhalilishaji. Kisha wakasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inaruhusu sheria inayobana haki kwa manufaa ya umma, na kwamba ni jamii itakayoamua kama adhabu hiyo inahitajika. Adhabu ya kifo ikarudi. Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Makwanyane, iliupima uamuzi huo wa Tanzania ikafuata njia nyingine: iliifuta adhabu hiyo.

Hata hivyo, tangu 1994 Tanzania haijamnyonga mtu. Sheria ipo, hukumu zinatolewa, na waliohukumiwa wanakaa Isanga mjini Dodoma na katika magereza mengine. Marais wamekuwa hawatii saini. Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Hapo ushawishi wa kisiasa umeokoa maisha ambayo ustadi wa kisheria ulishindwa kuyaokoa, na jambo hilo lazima likubaliwe waziwazi. Ni uokoaji wa kutisha: uhai wa mtu unakuwa mikononi mwa mtu mmoja asiyedaiwa sababu, kila mwaka upya. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila hiari kunavunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa katika tamko lililowaruhusu raia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja, na mlango ukafungwa rasmi Novemba 2020.

Kwa hiyo ngazi imepungua. Iliyobaki inaanzia chini kabisa, na siku zake ni chache. Aliyehukumiwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa, na 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Kwenda Mahakama ya Rufani, kusudio hutolewa ndani ya siku 30. Aliye gerezani huruhusiwa kuzipeleka karatasi zake kupitia mkuu wa gereza, na wengi huandikiwa na mfungwa mwenzao aliyesoma kidogo, kwa sababu za rufaa zinazofanana kutoka mtu hadi mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mabadiliko ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, baada ya miongo mingi ya mtu kufungwa kwa hukumu asiyoweza kuisoma. Haya ni mambo makubwa, na mtu wa kijijini angepaswa kuyajua kabla ya kujua namba ya simu ya mbunge wake.

Maana akichelewa, atalazimika kuomba kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine, katika hati ya kiapo. Siku aliyosubiri nakala ya hukumu anaweza kuieleza. Siku aliyougua anaweza kuieleza, akileta cheti cha hospitali. Wiki sita ambazo ndugu zake walikuwa wakizunguka maofisini Dodoma wakimtafuta mheshimiwa hana namna ya kuziandika.